Njuga na kengele za kale kutoka ardhini: mwongozo kamili wa kuzitambua na kukadiria umri wake

Anayepita na ditekta, kile kifaa cha kutafutia metali, kwenye mashamba ya Uingereza ataokota njuga, leo au kesho. Ni kidude cha mviringo, kijani kwa kutu ya shaba, kina kitanzi juu na mwanya chini, na ukikitoa udongo huenda kikalia tena. Nyingi zilidondoka kwenye lijamu na shingo za farasi waliokokota majembe na magari ya mizigo. Nyingine zilifika shambani pamoja na takataka za mjini, zilizomwagwa zamani ili kurutubisha ardhi. Ndiyo maana njuga inaweza kutokea katikati ya shamba ambalo halijawahi kuwa na nyumba wala barabara.

Swali la kwanza la kila mwokotaji ni "ya mwaka gani?", na wengi hukimbilia kutafuta herufi. Herufi ziache ziwe za mwisho. Njuga nyingi hazina herufi kabisa, na zenye herufi humpotosha asiyejua mengine. Umri unasomeka kwenye namna ilivyotengenezwa: mshono, kitanzi, matundu na mwanya. Ukishajua kusoma hayo manne, hata kipande kilichopasuliwa na jembe kitakupa karne yake.

Humu nimeita njuga zile zilizofumbwa, zenye punje ndani. Zenye mdomo wazi na ulimi unaoning'inia nimeziita kengele.

Hatua ya 1: Usiisugue

Kabla hujaigusa kwa maji, ipige picha ikiwa na udongo wake na uandike mahali ulipoitoa. Kisha iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi na betri. Badilisha maji yakichafuka, na ondoa udongo uliolainika kwa mswaki laini na kijiti. Usichokonoe ndani kwa msumari. Punje ya chuma ikikaa ardhini huota kutu, huvimba na kushikana na udongo, na ukiilazimisha itavunjika vipande vipande. Njuga isiyolia lakini ina punje yake ni bora kuliko inayokaa tupu.

Siki, ndimu, soda za kola na dawa za kung'arishia shaba ziweke mbali. Kuna watu hujivunia picha za njuga inayong'aa kama sufuria mpya. Wanachoonyesha ni njuga iliyochunwa ngozi. Ile kutu laini ya kijani au kahawia imeshika alama za tupa, mistari ya mapambo, na wakati mwingine mabaki ya dhahabu au bati iliyopakwa juu. Ikiondoka haina kurudi.

Kutu ya kuogopa ni moja: unga wa kijani mpauko unaochipuka kwa madoa na kurudi kila ukiufuta. Hiyo husababishwa na kloridi, na hula shaba hadi ndani. Njuga yenye dalili hiyo itenge na nyingine, uiweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya jeli ya silika, kwa sababu bila unyevu ugonjwa huo hausongi mbele.

Hatua ya 2: Jua metali

Anza na sumaku. Ikivuta kwa nguvu kila upande, una chuma au feleji. Ikivuta kidogo tu, na sehemu inayovutwa inahama ukiigeuza njuga, unachovuta ni punje iliyo ndani.

Kisha tazama rangi mahali palipolika au kuvunjika (usikwangue mahali papya). Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ikiwa na bati nyingi, ikivunjika huonyesha rangi ya kijivu yenye weupe na hukatika kama kigae. Bronzi ya kengele kubwa huwa na shaba kama asilimia 77 na bati kama 23. Njuga za farasi mara nyingi zilitiwa risasi pia, kwa kuwa risasi ni ya bei rahisi na huifanya metali itiririke vizuri kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia metali. Brasi, ambayo ni shaba na zinki, ni ya manjano. Kijinjuga cha kijivu, chepesi, kinachopinda kwa ukucha ni cha bati na risasi, na vijinjuga hivyo mara nyingi huwa vya Enzi za Kati, vilivyoshonwa kwenye nguo. Fedha ni habari nyingine kabisa, tutaifikia kwenye sheria.

Pima kipenyo bila kitanzi, kimo pamoja na kitanzi, na uzito. Kipimo cha vernia na mizani ndogo ya vito vinatosha. Ukubwa peke yake hauonyeshi umri, lakini unaonyesha kazi: chini ya milimita 20 fikiria mguu wa kipanga wa kuwindia, nguo au mbwa, milimita 30 hadi 60 fikiria farasi na kondoo, zaidi ya hapo ni mkokoteni.

Hatua ya 3: Tafuta mshono

Hapa ndipo kazi ilipo, usiende haraka. Shika njuga kwa kitanzi na uizungushe ukiangalia kiuno chake, pale nusu ya juu inapokutana na ya chini.

Ikiwa kuta ni nyembamba kama bati la kopo, na kiunoni kuna nusu mbili zilizounganishwa kwa lehemu, basi njuga yako ilifinyangwa kutoka kwenye bamba. Fundi alikata miduara miwili, akaigonga juu ya kibao chenye shimo hadi kila mmoja ukawa kibakuli, akatia punje, akavifunika vibakuli mdomo kwa mdomo na kuvilehemu. Hizi ndizo za mapema: kwa Uingereza ziweke kati ya karne ya 13 na ya 16. Lehemu ndiyo udhaifu wake, kwa hiyo mara nyingi utaokota nusu moja tu. Kibakuli chembamba cha shaba chenye tundu katikati, ambacho wengi hukitupa wakidhani ni kifungo kibovu, mara nyingi ni nusu ya njuga ya miaka 600.

Ikiwa kuta ni nene, nzito, na kiuno kina ukanda ulioinuka usio na lehemu, njuga yako ilisubiwa, yaani ilitengenezwa kwa kumimina metali iliyoyeyushwa kwenye kalibu. Ule ukanda unafuata mstari ambapo pande mbili za kalibu zilikutana. Utauliza: punje iliingiaje kwenye tufe lililosubiwa kipande kimoja? Fundi alifinyanga tufe la udongo, akaifukia punje ya chuma katikati yake, akaliweka tufe hilo ndani ya kalibu na kumimina metali pande zote. Metali ilipopoa, aliuvunjavunja udongo na kuumwaga kupitia mwanya na matundu, na punje ikabaki huru ndani. Ukiona mabaki magumu ya udongo mwekundu uliochomeka yamekwama ndani, huo ni udongo wa karakana na si wa shamba. Usiuondoe wote.

Njuga za kusubiwa zilianza kuonekana mwishoni mwa Enzi za Kati, lakini zile utakazookota nyingi mno ni za kati ya mwaka 1600 na 1850. Zilidumu kwa sababu ni imara: trekta hupita juu yake na bado zinalia.

Hatua ya 4: Kitanzi, matundu, mwanya

Kwenye njuga za bamba, kitanzi ni utepe mwembamba wa shaba uliopenyezwa kwenye tundu la juu na ncha zake kukunjuliwa ndani. Ukichungulia kupitia mwanya kwa tochi utaziona ncha hizo. Kwenye njuga za kusubiwa, kitanzi ni sehemu ya mwili wenyewe: kibonge cha mraba au mstatili chenye tundu la duara. Tazama pia kulika kwake. Kitanzi kilicholika upande mmoja hadi kubaki chembamba kimevaliwa miaka mingi. Kisicholika kabisa kwenye njuga inayojidai kuwa kuukuu kinatia shaka.

Matundu yanafuata mpango. Njuga ya kusubiwa ya karne ya 17 au 18 kwa kawaida ina matundu mawili ya duara kwenye nusu ya juu, na kwenye nusu ya chini ina matundu mawili mengine yaliyounganishwa na mwanya mrefu. Njuga za bamba nyingi hazina matundu ya juu, zina mwanya wa chini tu. Na njuga ya bamba jembamba yenye mianya miwili inayokatana kama msalaba ni ya karne ya 19 au 20, mara nyingi ya paka, ya mwanasesere au ya mapambo ya Krismasi. Kama imepakwa nikeli na inang'aa kama kijiko cha mkahawa, usihangaike nayo.

Hatua ya 5: Mapambo, halafu herufi

Njuga za karne ya 17 na 18 hupambwa kwa miali inayotoka kwenye kitanzi kama jua, au kwa safu za magamba kama ya samaki, hasa nusu ya chini. Mapambo haya yalitokana na kalibu, kwa hiyo yameinuka au kuzama pamoja na metali. Mistari iliyokwanguliwa kwa mkono baadaye hutambulika kwa kingo zake kali.

Herufi zikiwepo, ziko nusu ya chini, moja kila upande wa mwanya. Zinazojulikana kuliko zote ni R na W, za Robert Wells wa Aldbourne, kijiji katika kaunti ya Wiltshire, Uingereza. Kazi ya kusubu kengele ilikuwa imeanza kijijini hapo miaka ya 1690 na ndugu wawili, William na Robert Cor; ukoo wa Wells ukaishika nusu ya pili ya karne ya 18. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Jina Robert Wells lilibebwa na zaidi ya mtu mmoja katika ukoo huo, hivyo "RW" hairuhusu kutaja mwaka. Andika "takribani 1760 hadi 1825" na uridhike. Nambari iliyo karibu na herufi ni saizi ya njuga kwenye orodha ya kiwanda. Nimeona watu wakiisoma kama mwaka, kwamba 16 ni 1816. Siyo.

Njuga za Wells zimeokotwa mbali na Wiltshire, hata ng'ambo ya Atlantiki kwenye makazi ya walowezi wa Marekani. Kwa hiyo mahali ulipoiokota hapathibitishi ilikotengenezwa. Herufi nyingine ziko nyingi, na baadhi zingeweza kuwa za mafundi wawili au watatu tofauti. Ukikuta herufi usizozijua, tegemea umbo kwanza, kisha tafuta njuga zenye herufi hizo kwenye kumbukumbu za PAS, ule mpango wa Uingereza na Wales wa kuorodhesha vitu vilivyookotwa na raia. Mpango huo ulianza mwaka 1997, una rekodi zaidi ya milioni moja, na ni bure kuutafuta mtandaoni.

Sarafu uliyoiokota hatua mbili kutoka kwenye njuga usiitumie kama ushahidi. Jembe limeuchanganya udongo huo kwa mamia ya miaka.

Hatua ya 6: Zenye mdomo wazi

Kengele ndogo za shaba zenye mdomo wazi ni chache zaidi, na umbo la mdomo ndilo linaloongea. Mdomo wa mraba, mwili kama piramidi, na vijiguu vinne kwenye pembe: hiyo ni ya Kirumi, kati ya karne ya 1 na ya 4. Mdomo wa pembe sita wenye kingo za mawimbi na vijiduara vyenye nukta vilivyochongwa ubavuni: hiyo ni ya karne ya 10, zama za Waviking, na zimepatikana Iceland, Isle of Man na kaskazini mwa Uingereza. Ukiipata ya namna hii, acha kuchimba, weka alama, piga simu kwa ofisa wa PAS wa kaunti. Inaweza kuwa imetoka kaburini.

Mdomo wa duara ni mgumu zaidi. Kengele za farasi wa mizigo zilipangwa 3 hadi 5 chini ya kifuniko cha ngozi juu ya shingo, na ukiokota moja zungukia hapo hapo, dada zake hawako mbali.

Kengele ya ng'ombe ya bamba la chuma lililokunjwa, kupigwa ribiti na kupakwa shaba ni mtihani. Ufundi huo ulikuwepo tangu Warumi na uliendelea hadi juzi. Bila kujua tabaka la udongo ilimotoka, andika "haijulikani" bila aibu.

Vipande vya kengele kubwa ni vinene, vimepinda kidogo, vyeupe kwenye mvunjiko. Vikiwa na herufi, soma taratibu: "me fecit" ni Kilatini, maana yake "alinitengeneza", na jina lililotangulia ni la fundi. Mwaka wakati mwingine huandikwa kwa namba za Kirumi. Kumbuka kwamba kengele iliyopasuka ilisubiwa upya na maandishi ya zamani yakanakiliwa, hivyo mwaka unaousoma huenda ni wa kengele iliyotangulia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kengele kubwa atakayokutana nayo huenda ni ya misheni: kama ile ya Freretown, Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875, iliyowaachia watu jina la Kengeleni. Sumaku ni rafiki hapa pia. Katikati ya karne ya 19 viwanda vya Bochum, Ujerumani, na Naylor Vickers wa Sheffield vilianza kusubu kengele za feleji, rahisi kuliko za bronzi. Feleji ya Sheffield ina jina la kiwanda na mwaka vilivyoinuka ubavuni, kwa hiyo sumaku ikivuta, futa vumbi na usome tu.

Hatua ya 7: Chuja mpya na za kughushi

Njuga za brasi kutoka India, zile za kufunga miguuni wakati wa kucheza, zimejaa madukani na hudondoka shambani kama kitu kingine chochote. Ni za manjano, nyepesi, na ukingo wa mwanya wake haujalika. Kengele za meli zenye jina maarufu, kama Titanic na mwaka 1912, ni mapambo ya dukani. Na njuga yenye kutu ya kijani inayotoka kwa pamba yenye asetoni imepakwa rangi.

Kando kidogo: ng'ambo ya Atlantiki

Anayetafuta Marekani ana makundi mengine mawili ya kujua. Kusini-mashariki, Wahispania wa karne ya 16 waliacha njuga za bamba la brasi ambazo wanaakiolojia huziita za Clarksdale, kwa jina la mji wa Mississippi. Nusu zake mbili zimekutana kwa ukingo uliotokeza kiunoni kama ukingo wa kofia. Ukiipata, unagusa nyayo za watu kama Hernando de Soto, aliyepita huko kuanzia 1539. Zilikuwa bidhaa za kubadilishana, na zilikuwa pia kipimo cha dhuluma: katika kisiwa cha Hispaniola, mwaka 1495, Columbus aliwaamuru Wataino, wenyeji wa kisiwa hicho, wa maeneo ya dhahabu walete njuga ya kipanga iliyojaa dhahabu kila miezi mitatu.

Kaskazini, njuga za farasi wa kukokota magari ya theluji zilitoka zaidi East Hampton, Connecticut, ambako William Barton alianza kuzisubu mwaka 1808. Nzito, za kusubiwa, zenye petali na nambari ya saizi: karne ya 19. Za bamba lililobanwa kwa mashine na kupigwa ribiti kwenye mkanda: mwisho wa karne hiyo na baada yake.

Hatua ya 8: Andika, kisha fuata sheria

Rekodi nzuri ina picha tano (juu, chini, pande mbili, na mwanya kwa karibu) zikiwa na rula, vipimo, uzito, namba za ramani za mahali, na makadirio ya umri pamoja na sababu. "Ya kusubiwa, matundu mawili juu, kitanzi cha mraba, magamba, takribani 1650 hadi 1800" inamsaidia mtafiti. "Njuga ya kale" haimsaidii yeyote.

Uingereza na Wales unahitaji ruhusa ya mwenye shamba, tena ya maandishi, na maeneo ya kale yaliyolindwa hayaguswi hata kwa ruhusa yake. Njuga ya shaba peke yake kwa kawaida si hazina kisheria. Ya fedha yenye zaidi ya miaka 300 na angalau asilimia 10 ya fedha ni hazina, na una siku 14 za kuitolea taarifa kwa koroner, ofisa wa kisheria anayeamua mambo ya hazina. Tangu Julai 2023 kuna pia kundi la vitu vya metali vyenye zaidi ya miaka 200 na umuhimu wa pekee. Scotland vitu vyote vya kale huripotiwa, viwe vya shaba au dhahabu. Kengele iliyotoka kwenye meli iliyozama huenda kwa mpokeaji wa mabaki ya meli ndani ya siku 28.

Tanzania na Kenya usidhani unaweza kuhamishia mchezo huu huko likizo. Sheria ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvichimba kunataka leseni. Kenya nayo ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Ditekta ya kutafutia dhahabu Chunya haikupi haki ya kuchimba magofu ya Kilwa.

Na kama umepanga kumpelekea mjomba njuga ya Wells nyumbani kama zawadi: kitu cha akiolojia kilichotoka katika ardhi ya Uingereza na chenye zaidi ya miaka 50 huhitaji leseni ya kukisafirisha nje, hata kama thamani yake ni pauni chache. Maombi hupitia Arts Council England. Ambatisha namba ya rekodi ya PAS, na uyaanze kabla hujakata tiketi.